Hesabu ya Pua

Pale Sakina, jijini Arusha, muuza magazeti hupanga meza yake kabla jua halijapanda juu ya bega la Mlima Meru. Magazeti mengine huyalaza, mengine huyabana kwa vibanio vya kuanikia nguo kwenye kamba aliyoifunga kati ya mti na nguzo. Wasomaji ni wengi, wanunuzi wachache: bodaboda anayesubiri abiria, mama aliyetua ndoo yake ya ndizi, mwanafunzi aliyekwisha kuchelewa. Wote hunyoosha shingo, husoma vichwa vya habari, huguna au hucheka, kisha hao, huenda zao.

Asubuhi moja nilikuwa miongoni mwa wasomaji hao wa bure. Gazeti moja lilikuwa limekunjwa upande wa ndani, katuni ikatazama barabarani. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu akaitupia jicho mara moja tu, akacheka peke yake.

"Leo wamempata huyu," alisema.

"Shikamoo, mzee," kijana wa bodaboda akadakia. "Kwani unamjua?"

"Marahaba. Nani asiyemjua? Tazama paji hilo."

Katuni ile haikuwa na jina la mtu. Nikauhesabu mchoro wa uso: mistari kumi na mmoja. Paji la uso lilikula nusu ya kichwa, masikio hayakuwepo kabisa, na pua ilikuwa kimstari kama koma. Hakuna binadamu aliyezaliwa hivyo. Na juu yake, katika ukurasa uleule, palikuwa na picha ya kamera ya mheshimiwa huyohuyo akifungua semina, kila kinyweleo kikiwa mahali pake. Mzee aliipita kama anavyopita tangazo la mnada.

Basi swali la makala haya ni hili: inakuwaje mchoro uliokosea kila kipimo cha uso wa mtu umtambulishe mtu huyo papo hapo? Jibu lake ni hesabu, na hesabu yenyewe haivuki kutoa, kuzidisha na kujumlisha. Tuiendee polepole.

Milima miwili

Mpe mtoto wa darasa la pili karatasi, mwambie achore mlima. Atachora pembetatu. Pembetatu hiyo si Meru wala Longido. Ni mlima tu, ule ambao haupo popote ila kichwani. Mwambie sasa achore Kilimanjaro. Atachora pembetatu ileile, kisha ataikata kichwa na kuweka bapa jeupe juu. Mwambie mwisho achore Meru, mlima anaouona akitoka kwenda kuteka maji. Ataivuta ile ncha juu, aichongoe mpaka iwe kama mkuki.

Sasa linganisha na milima yenyewe. Kibo, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895, si meza: ukikitazama kutoka Usa River asubuhi isiyo na wingu, ni kuba pana lililobonyea kidogo. Meru nao, wenye mita 4,566, hauna ncha ya mkuki. Umeinuka na kukusanyika juu, basi. Mtoto amekosea vipimo vyote viwili. Lakini ichanganye michoro yake, mpe mkazi yeyote wa Arusha, uone kama atakosea kuitaja.

Mtoto amefanya mambo matatu bila kufundishwa. Ameanza na mlima wa kawaida. Ametafuta mahali ambapo mlima anaoutaka unaachana na huo wa kawaida. Kisha tofauti hiyo ameiongeza. Yale ambayo milima yote huyashiriki, kwamba chini ni pana na juu ni pembamba, hakuyagusa. Mchora katuni anafanya hayohayo kwenye uso wa waziri.

Uso usio wa mtu

Mlima wa kawaida ni pembetatu. Uso wa kawaida ni upi?

Mwingereza Francis Galton aliutafuta kwa kamera mwaka 1878. Alichukua picha za watu kadhaa zenye ukubwa mmoja, akazipiga moja juu ya nyingine kwenye bamba lilelile la fotografia, kila moja ikipewa sehemu ndogo tu ya mwanga uliohitajika. Yaliyo ya wote yakakolea, ya mmoja mmoja yakafifia. Kikatokea uso ulio shwari, usio na kovu wala upogo, ambao haukuwa wa yeyote kati yao. Huo ni wastani, kama vile wastani wa alama za darasa ulivyo alama ambayo pengine hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyeipata.

Kila mmoja wetu anao wastani wa namna hiyo, uliojengwa na nyuso zote alizoziona tangu mgongoni kwa mama. Aliyekulia Sakina wake umejengwa na Waarusha na Wameru, Wachaga na Wapare, Wamaasai walioshuka na ng'ombe, Wasomali wa madukani, makonda wa vifodi. Aliyekulia London mwaka 1790 alikuwa na wake. Jambo hili tuliweke kando kidogo. Tutalirudia, maana ndipo uzito wa makala ulipo.

Sasa hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, wanaume wa mtaani kwetu kwa wastani wana pua ya upana wa sentimita 4 na paji la uso la kimo cha sentimita 6. Mheshimiwa wetu ana pua ya sentimita 4 na paji la sentimita 7.5.

Kwanza toa wastani. Pua: 4 toa 4, inabaki 0. Paji: 7.5 toa 6, inabaki 1.5.

Pili zidisha kilichobaki, tuseme mara 3. Pua: 0. Paji: 4.5.

Tatu jumlisha na wastani. Pua: 4. Paji: 10.5.

Pua imebaki palepale, paji limepaa. Sasa tunajua kwa nini pua ya katuni ile ilikuwa koma: haikuwa na habari yoyote ya kutuambia. Watu husema katuni hutia chumvi kila kitu. Sivyo. Chumvi huingia pale tu ambapo mtu ameachana na wenzake. Kwingine mchoraji hunyamaza. Angekuza pua na paji na masikio kwa pamoja angepata kichwa kikubwa tu, na kichwa kikubwa si cha mtu fulani.

Ile namba 3 ndiyo mkono wa mchoraji. Iweke 1, utapata mtu kama alivyo. Iweke 0, utapata uso usio wa mtu, ule wa Galton. Iweke nusu, utapata mheshimiwa aliyeongezwa maji, kama chai ya mwisho wa mwezi. Ipandishe mno, mchoro utavunjika na hakuna atakayemjua, maana chumvi nayo ina kiwango chake.

Hesabu hii ilipewa kompyuta na Susan Brennan, aliyeiandikia tasnifu yake katika chuo cha MIT cha Marekani mwaka 1982. Programu yake ilikuwa na uso wa wastani uliowekwa alama 169: pembe za macho, kingo za midomo, ukingo wa taya. Uso wa mtu ukitiwa alama zilezile, programu ilipima umbali wa kila alama na mwenzake wa wastani, kisha ikaisogeza alama hiyo mbali zaidi. Mwaka 1987 yeye na wenzake Gillian Rhodes na Susan Carey walichapisha matokeo ya jaribio. Watu walionyeshwa michoro ya mistari ya watu wanaowafahamu, mingine sahihi, mingine imetiwa chumvi, mingine imeongezwa maji. Iliyotiwa chumvi ndiyo iliyotajwa upesi zaidi, kwa karibu nusu ya muda uliotumika kwenye mchoro sahihi. Iliyoongezwa maji iliburura mkia.

Matokeo hayo ni ya michoro ya mistari. Kwa picha kamili za kamera, zenye vivuli na ngozi, faida ya chumvi hupungua sana. Hilo nalo linafundisha: mchoro wa mistari kumi na mmoja una nafasi ndogo ya kubebea habari, kwa hiyo kila mstari lazima ubebe tofauti, usibebe mambo ya kila mtu.

Daftari la mangi

Kwa nini ubongo uvutwe na tofauti namna hii? Tuanze na kiumbe chenye ubongo mdogo kuliko wetu.

Kinda la shakwe likiwa na njaa hudonoa mdomo wa mzazi wake, kwenye doa jekundu lililo karibu na ncha, naye mzazi hulitemea samaki. Katikati ya karne ya 20 mtafiti Mholanzi Niko Tinbergen na wenzake waliwapelekea makinda vichwa vya bandia, vingine vikifanana mno na mzazi, vingine vikifanana kidogo tu. Kisha wakawapelekea kijiti chembamba chekundu chenye mikanda mitatu myeupe. Hakikuwa na jicho, wala kichwa, wala unyoya. Makinda yalikidonoa kijiti hicho kuliko hata kichwa kilichofanana na mzazi. Kumbe kinda halibebi picha ya mzazi. Linabeba kanuni: kitu chembamba, chekundu, chenye rangi zinazoachana waziwazi. Kijiti kiliitimiza kanuni hiyo kuliko mzazi mwenyewe. Tinbergen alikuwa mmoja wa watu watatu waliogawana Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1973.

Sasa tusogee karibu na sisi. Mwaka 2009 Winrich Freiwald, Doris Tsao na Margaret Livingstone walichapisha utafiti juu ya makaka, kima wa Asia ambao ubongo wao una sehemu maalumu za kushughulikia nyuso. Waliwaonyesha katuni za nyuso, wakibadilisha kitu kimojakimoja: umbali kati ya macho, ukubwa wa mboni, urefu wa uso. Wakati huo walisikiliza seli mojamoja za ubongo. Seli nyingi hazikusisimka sana kwa uso wa katikati. Zilizidi kupiga kelele kadiri kipimo kilivyosogea pembeni: macho yaliyoachana kabisa, au mboni iliyopanuka kabisa.

Tuseme basi kwa lugha ya dukani. Mangi, mwenye duka wa mtaani, hana daftari la wateja wote wanaomlipa taslimu; lingejaa siku moja. Ana daftari la madeni. Aliyelipa sawasawa hana ukurasa. Aliyepungua ameandikwa, na kiasi alichopungua kimeandikwa. Ubongo nao, yaelekea, huweka nyuso kwa namna hiyo. Hauandiki "ana pua, ana macho mawili", kwa kuwa hilo ni la kila mtu. Huandika umbali kutoka wastani, na upande ambao umbali huo umeelekea. Mchora katuni analifungua daftari hilo na kuusoma kwa sauti ukurasa wa mdaiwa mmoja.

Bamba la shaba

Mchoro mmoja huchekesha mtu mmoja. Ili umguse waziri, lazima uonekane na maelfu. Hapo ndipo London ya karne ya 18 inapotufaa, maana ndiyo iliyoigeuza katuni ya siasa kuwa biashara.

Katika mtaa wa St James's, namba 27, palikuwa na duka la mama mmoja, Hannah Humphrey. Ghorofani aliishi mchoraji wake, James Gillray, aliyezaliwa 1756 na kufa 1815. Michoro mipya ilitundikwa dirishani ikitazama njia. Wenye pesa waliingia kununua. Wasio nazo walisimama nje wakanyoosha shingo. Mchoro mmoja wa Gillray wa mwaka 1808 unalionyesha dirisha hilohilo: mbele mzee ameteleza kwenye barafu na kuanguka, nyuma yake watu wamempa mgongo wakikodolea katuni. Ungedhani ni meza ya magazeti ya Sakina siku ya tope.

Michoro hiyo ilizalishwaje? Kuna njia mbili za msingi za kuchapa. Ya kwanza unaijua kwenye ofisi ya mtaa: muhuri wa mwenyekiti. Wino hukaa juu ya sehemu zilizoinuka, nazo ndizo zinazogusa karatasi. Ya pili ni kinyume chake, nayo unaweza kuiona kwenye kibuyu kilichochorwa kwa kisu. Kipake masizi yenye mafuta, kisha kifute. Juu kutakuwa safi, ila masizi yatabaki ndani ya michoro, na kadiri mchoro ulivyokwenda chini ndivyo weusi unavyokolea. Gillray alitumia njia hii ya kibuyu, ila kibuyu chake kilikuwa bamba la shaba.

Kuchonga shaba kwa kisu ni kazi ya siku nyingi, na siasa haisubiri. Kwa hiyo waliiachia kemia ichonge. Bamba lilipashwa moto na kupakwa utando mwembamba wa nta iliyochanganywa na utomvu. Mchoraji alishika sindano na kuchora juu ya nta kama anavyochora kwa kalamu, kila mstari ukifunua shaba iliyo chini. Wanaotengeneza batiki mjini Arusha wataitambua hila hii mara moja: penye nta, rangi haipiti. Hapa kilichozuiwa kupita si rangi, ni tindikali.

Shaba haiogopi kila tindikali. Iloweke kwenye siki usiku kucha, kesho utaikuta karibu vilevile. Tindikali ya naitriki ni kitu kingine, kwa sababu ina uwezo wa kunyang'anya elektroni. Kila atomu ya shaba iliyo wazi hupoteza elektroni mbili, na atomu isiyo na elektroni zake mbili haiwezi tena kukaa kwenye ukuta wa metali; hujitenga na kuelea majini. Ndiyo maana maji yale hugeuka rangi ya bluu na kijani. Naitrojeni iliyopokea elektroni hutoka kama viputo, na juu ya beseni hutanda moshi wa kahawia wenye sumu. Mafundi walipitisha unyoya taratibu juu ya bamba kufagia viputo, maana kiputo kikikaa juu ya mstari, tindikali haifiki na mstari hutoka na pengo.

Kina cha mstari huamuliwa na muda. Mchoraji alilitoa bamba baada ya dakika chache, akaifunika kwa vanishi mistari aliyoitaka iwe myepesi, kama vivuli vya mbali, kisha akalirudisha ili mistari ya mbele iendelee kuliwa. Mwisho nta iliondolewa, wino mzito ukasukumwa ndani ya mifereji, juu pakafutwa. Karatasi iliyoloweshwa kidogo, ili ilainike, ililazwa juu ya bamba na vyote viwili vikapitishwa katikati ya rola mbili zilizobana kwa nguvu. Karatasi ililazimishwa kuingia ndani ya kila mfereji na kuuchota wino.

Muhuri husomeka kinyume hadi ugonge karatasi, na bamba pia. Gillray alilazimika kuandika maneno yote kutoka kulia kwenda kushoto, herufi zikiwa zimegeuka, kama neno lililo mbele ya gari la wagonjwa linalokusudiwa kusomwa kwenye kioo cha dereva aliye mbele. Rangi ziliongezwa baadaye kwa brashi, nakala moja baada ya nyingine. Na kwa kuwa shaba ni laini, kila kubanwa kuliila kidogo. Nakala za mwisho zilitoka zimefifia.

Wezi wa michoro nao hawakuchelewa. Mchoraji William Hogarth na wenzake walilipigia kelele jambo hili, na mwaka 1735 Bunge la Uingereza likapitisha sheria iliyompa mchoraji haki ya mchoro wake kwa miaka 14. Mchoraji wa leo anayeona katuni yake ikizunguka WhatsApp huku sahihi imekatwa anaujua uchungu huo.

Rula ya nani?

Tulirudie sasa lile tuliloliweka kando. Hesabu yetu ilianza kwa neno "toa wastani". Wastani wa nani?

Tumpime mtu mmoja. Kimo cha Napoleon Bonaparte, mtawala wa Ufaransa, kiliandikwa na Wafaransa kuwa futi 5 na inchi 2. Futi ya Kifaransa ya wakati ule ilikuwa sentimita 32.48, na inchi yake 2.71. Futi 5 ni 162.4, inchi 2 ni 5.4, jumla karibu sentimita 168. Huyo hakuwa mfupi kati ya wanaume wa Ufaransa wa zama zake. Sasa chukua namba ileile, 5 na 2, uisome kwa futi ya Kiingereza ya sentimita 30.48. Unapata 157.5. Sentimita kumi zimeyeyuka bila mtu kukatwa mguu.

Gillray hakuhitaji hata rula hiyo. Mwaka 1797 alianza kulipwa pesa kwa siri na serikali ya London, na nchi yake ilikuwa vitani na Ufaransa. Mwaka 1803 alimchora Napoleon kama kibwengo anayepiga mateke viti kwa hasira, na mwaka huohuo akamchora amesimama kiganjani mwa mfalme George wa Tatu, anatazamwa kwa darubini. Toa wastani: hakuna upungufu wa kuzidisha. Gillray aliutia upungufu kwa mkono wake, kisha akauzidisha. Zaidi ya miaka 200 imepita na mtu wa Ngaramtoni ambaye hajawahi kusoma historia ya Ufaransa atakuambia Napoleon alikuwa mfupi. Kumbe hesabu ya katuni ni kama mashine ya kusaga: haiulizi kama kilichomiminwa ni mahindi au mchanga.

Kosa la pili la rula ni baya zaidi. Kati ya 1930 na 1931 Mbelgiji Hergé alichora hadithi ya mhusika wake Tintin nchini Kongo, nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga. Wazungu wa hadithi hiyo kila mmoja ana sura yake. Wakongo wote wana sura moja: midomo ileile, macho yaleyale. Rejea hesabu. Mchoraji aliyebeba wastani wa Brussels anapotoa wastani huo kutoka uso wa Mkongo, kinachobaki si yale yanayomtofautisha Mkongo huyu na jirani yake. Kinabaki kile ambacho wote wanakishiriki. Akikizidisha, anapata kitu kisichomhusu mtu yeyote na kinachowatukana wote. Dharau ilikuwepo, hilo si siri, nayo ilipata kifaa: wastani wa ugenini.

Kwa hiyo siku kalamu ilipofika mikononi mwa wachoraji wa kwetu, rula nayo ilibadilika. Enzi za Ujamaa, gazeti la Uhuru lilikuwa na Chakubanga, mhusika wa mchoraji Christian Gregory, raia wa kawaida ambaye wasomaji walimcheka kwa kuwa walimjua. Godfrey Mwampembwa, maarufu kwa jina la Gado, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969 na mwaka 1992 akajiunga na gazeti la Nation la Nairobi. Yeye ni jaribio zuri la kanuni yetu. Mtanzania aliwachora viongozi wa Kenya kwa ajili ya Wakenya, na msomaji wa Nairobi aliwatambua bila maandishi. Wastani wa Dar na wa Nairobi uko karibu. Tofauti aliyoitoa ilikuwa tofauti ya kweli. Baadaye viongozi wawili wa Kenya, Uhuru Kenyatta na William Ruto, walipokuwa na kesi katika mahakama ya kimataifa ya The Hague, aliwafunga kila mmoja tufe la chuma mguuni kwa mnyororo, akarudia siku baada ya siku. Kuna wakati mnyororo peke yake ulitosha. Uso ulikuwa ziada. Masoud Kipanya naye, Dar es Salaam, amemweka panya pembeni mwa katuni zake. Panya hana uso wa mtu yeyote, hivyo anaweza kusema ambayo mtu angeogopa kuyasema.

Jaribu mwenyewe

Chukua rula na marafiki watano wenye subira. Pima kwa kila mmoja umbali kati ya pembe za nje za macho, urefu wa pua, kimo cha paji, na umbali kutoka mdomo hadi ncha ya kidevu. Tafuta wastani wa kila kipimo. Mchague mmoja, toa, zidisha mara mbili, jumlisha, uchore. Usihofu kuchora vibaya. Penseli haina budi kufuata namba tu. Mpelekee mtu wa sita anayewafahamu wote. Kisha rudia hesabu ukitumia wastani wa watu watano wa ukoo wa rafiki huyohuyo, uone pua ya babu yao inavyotoweka kwenye mchoro, kwa kuwa nyumbani kwao hiyo ni pua ya kila mtu.

Mimi nilifanya jaribio dogo zaidi. Juma lililofuata nilirudi kwenye meza ya magazeti nikiwa nimehifadhi kwenye simu mchoro wa Gillray wa tarehe 26 Februari 1805. Watu wawili wamekaa mezani. Mmoja ni mrefu, mwembamba, pua imechongoka: William Pitt, waziri mkuu wa Uingereza. Mwingine ni mfupi mwenye kofia yenye manyoya iliyomzidi kichwa: Napoleon. Kati yao kuna pudingi ya duara yenye mvuke, imechorwa ramani ya dunia. Napoleon anaikata Ulaya kwa upanga, Pitt anajimegea bahari.

Nilimwonyesha mzee wa kofia ya sufu. Akaisogeza simu mbali, akaileta karibu.

"Hawa ni nani?"

"Viongozi wa Ulaya, mzee wangu. Wa zamani sana."

"Mbona kwangu wanafanana? Pua tu na pua."

Wangefananaje? London ya 1805, aliyepita dirishani kwa mama Humphrey aliwajua kabla hajasimama. Lakini mzee wangu hakuwahi kuishi kati ya nyuso zile. Hakuwa na cha kutoa. Nilikuwa narudisha simu mfukoni aliponishika mkono.

"Subiri. Hicho kilichoko mezani lakini nakijua," alisema, akigonga kioo kwa ukucha. "Hiyo ni dunia. Hao wanakula."